Ukurasa Ulioondoka na Karanga

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya neno. Nyumba yake iko Kipawa, mahali ambapo ndege zinazotua hupita chini mpaka mabati yanatetema, na yeye alikwisha kuamua zamani kwamba hatashindana sauti na ndege. Ikija, aliinua kidole cha shahada, akakiacha hewani, akafunga mdomo. Ikishapita, alikiteremsha na kuendelea palepale alipoishia. "Nimewaambia msianike nguo kwenye uku—" kidole juu, mngurumo, kidole chini, "—ta."

Siku niliyokwenda kuulizia chumba sikulijua hilo. Nilimwona mama wa makamo ya juu, mfupi, mpana, amevaa gauni la dira na mtandio, anazungumza vizuri, halafu ghafla kaganda kama sanamu. Nikadhani kiharusi. Nikamshika mkono ili asianguke. Ndege ilipokwisha kupita, aliutazama mkono wangu, akanitazama usoni, akasema, "Chumba bado kipo. Lakini mkono urudishe."

Nilikaa katika nyumba ile miaka mingi, na katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu yeyote pale uani akimwita kwa jina. Alikuwa mama mwenye nyumba, basi. Hata mwenye bucha, hata mjumbe wa mtaa, hata mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba kitunguu, wote walisimama mlangoni na kusema, "Hodi kwa mama mwenye nyumba."

Alizunguka na shada la funguo kiunoni na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Wapangaji tulikuwa vyumba vinne na luku moja ya umeme, na luku ile ndiyo iliyokuwa moyo wake. Aliweza kusikia pasi imewashwa kwa namna friji lake lilivyobadili mlio. "Nani kawasha pasi saa hizi?" angeuliza akiwa jikoni, na aliyewasha aliizima hata kabla hajajibu. Usemi wake ulikuwa mmoja: "Nyumba ni ya Mungu, taa ni yangu." Ukisahau balbu ya chooni, ungesikia usemi huo mchana kutwa, tena kwa sauti ya kukuhurumia, kama vile umefiwa.

Ila taa ya baraza yake mwenyewe iliwaka mchana na usiku. Dada wa chumba cha mbele, aliyekuwa na saluni ndogo pale pale uani, alimuuliza siku moja kwa nini. Akajibu, "Anayepita ajue hapa pana watu." Dada wa saluni akasema, "Lakini mama, saa sita mchana jua linawaka, anatuona." Akajibu, "Anakuona wewe. Mie sikai nje."

Mimi ni mtu wa kusini, Mmakonde, na Mkristo. Yeye ukoo wao ni wa Waarabu wa maduka, watu waliokaa Temeke tangu enzi ambazo hata yeye hakuzijua. Alinitania tangu wiki ya kwanza. Nikivunja kikombe: "Mmakonde, si ungekichonga kingine?" Nikichelewa kurudi: "Ulipotea? Si mna alama usoni zinazoonyesha njia?" Nami nilimjibu nilivyoweza, kwa heshima, maana kwanza nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa ukamilifu wote, ndipo vita vikaanza. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuletewa sinia. Futari ilikuwa bado inatoa mvuke, watu wanangoja adhana, sinia langu linagonga mlango. "Wewe hufungi," alisema, "huna sababu ya kuningoja." Nilikula peke yangu, kwa aibu, tambi za sukari tamu kuliko zote nilizowahi kula.

Kazi yangu hakuipenda. Nilikuwa, na bado ni, mtengenezaji wa picha kwa kompyuta: matangazo ya shoo za singeli, kadi za harusi, mabango ya saluni na maduka ya spea. Yeye aliiita "kazi ya kukaa". Kijana mzima, alisema, anakaa kitako tangu asubuhi, anabonyeza. Aliamini kwamba siku moja nitashindwa kuinuka.

Halafu siku moja akaingia chumbani kwangu kukagua balbu. Nilikuwa natengeneza tangi la maji kwa ajili ya tangazo la muuza matangi, katika ile programu ya kuumba vitu vya kuzunguka, ambavyo unaweza kuvitazama mbele, nyuma na juu. Tangi lilikuwa linazunguka polepole kwenye kioo. Mama mwenye nyumba alisahau balbu. Alivaa miwani, akakaa ukingoni mwa kitanda changu bila kuomba ruhusa.

"Hicho kina chini?"

"Kina, mama."

"Nionyeshe chini."

Nikaligeuza. Akaona kitako cha tangi, na duara lake, na kivuli chake.

"Waweza kutengeneza kitu ambacho hakipo?"

"Nikiambiwa kilivyokuwa, naweza."

Ndipo akanisimulia habari ya karanga.

Baba yao alikuwa na duka Temeke, na siku hizo vitu vidogo vilifungwa kwa karatasi: sukari, majani ya chai, bizari, karanga. Baba alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, mafungu kwa mafungu, na yeye na mdogo wake wa kiume walikaa nyuma ya kaunta wakikunja pia, vile vifuko vilivyochongoka chini, za kutilia karanga. Katika fungu moja wakakuta kurasa za kitabu cha picha, hadithi ya watu wanaokwenda mwezini kwa roketi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, wasiyoyajua. Wakawa wanasoma picha. Yeye aliangalia nani anafanya nini, mdogo wake akatia maneno. Palikuwa na nahodha mwenye ndevu, mafundi wawili waliofanana, na mpishi mnene aliyejificha ndani ya pipa la unga kwa sababu walikataa kumchukua. Kurasa hazikufuatana. Leo waliona mpishi anagunduliwa, kesho ndipo wakamwona anaingia pipani. Kila ukurasa walioupata waliuficha chini ya gunia la mchele.

"Tulikwisha kuruka," aliniambia. "Tulikwisha kupita mawingu. Kilichobaki ni kutua."

Ukurasa wa kutua uliletwa na fungu jipya siku ya sokoni, duka limejaa. Aliuona ukingo wake tu, ncha ya roketi na jiwe la mwezi, akauweka pembeni ili wautazame wateja wakipungua. Alipogeuka kupima mchele, bwana mmoja mwenye haraka aliagiza karanga. Mdogo wake akanyoosha mkono, akachukua karatasi iliyokuwa karibu, akakunja pia safi kabisa, akajaza karanga, akampa.

"Nilitoka mbio pekupeku," alisema mama mwenye nyumba. "Nilifika hadi barabarani. Bwana yule hata mgongo sikuuona." Kidole kikapanda, ndege ikapita, kidole kikashuka. "Fundi Picha, mie nataka ule ukurasa."

Tangu siku ile nikawa Fundi Picha, na kazi yangu ikaacha kuwa ya kukaa.

Alikuja kila asubuhi baada ya chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kurasa nyingine hazikuwepo tena, mchwa walikwisha kuzila kabla hajaolewa, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kichwa chake. Nilianza na umbo la silinda. "Hilo kopo," akasema. Nikavuta katikati likanenepa, nikabana juu likachongoka. "Sasa ni papai." Nikauliza kama ni kosa. Akafikiri. "Lilikuwa papai. Lakini papai lenye heshima zake." Ikanichukua siku kadhaa kuipata ile heshima. Ilikuwa mabegani, kumbe, pale tumbo linapoanza kuelekea ncha. Nilipolegeza mstari ule kidogo tu, alipiga paja langu kofi likalia. "Hapo! Usipumue!"

Kitu alichokisumbukia kuliko vyote ni mlango. Katika kila jambo maishani yeye aliuliza kwanza mtu atatokea wapi. Binti yake alipoposwa, aliuliza nyumba ya mume ina milango mingapi. Alipopelekwa hospitali kuangaliwa goti, alimwambia daktari hatalala kitanda ambacho haoni mlango. Basi roketi ile ilikuwa na mlango mkubwa kuliko nilivyoona mimi kuwa ni busara, wenye bawaba nene na ngazi inayoteremka hadi chini. Na ndani, alitaka pipa la unga.

"Mama, ndani hakutaonekana. Picha ni ya nje."

"Mpishi atakuwa wapi?"

"Ndani. Naye hataonekana."

"Kwa hiyo kwa kuwa haonekani, asiwe na pa kukaa?"

Nikatengeneza pipa. Nikatengeneza na mfuniko wake. Hadi leo limo ndani ya faili lile, na hakuna mtu anayeliona.

Kuhusu anga tulibishana. Yeye alitaka bluu. Nikamweleza kwamba mwezini hakuna hewa, anga ni jeusi hata mchana. Akaduwaa. "Hata mchana?" Hata mchana. "Basi bili yao ya taa," alisema kwa huruma ya kweli, "si ndogo."

Tulikwama kwenye miguu. Roketi ikitua lazima isimame juu ya kitu, naye hakukumbuka kama miguu ilikuwa mitatu au minne. Alifumba macho, alihesabu hewani, alikasirika. Mwishowe akasema, akiangalia dirishani, "Yupo mtu mmoja anayejua."

Mtu huyo alikuwa mdogo wake, ambaye sisi wapangaji tulimfahamu kwa sifa tu, kama Mjomba. Alikuwa bado na duka lile lile Temeke. Walikuwa hawazungumzi. Kisa chenyewe, nilichokipata kwa dada wa saluni, kilikuwa cha harusi ya binti. Mbele ya wageni, mbele ya wakwe, Mjomba alionja pilau ya dada yake, akatafuna, akasema, "Huu wali umepakwa rangi." Watu walicheka. Dada hakucheka. Tangu siku ile, sikukuu zilikuja zikaenda, salamu zikapitia kwa watoto, na mlango ambao ulikuwa wazi kwa kila mwenye kuomba kitunguu, kwake yeye ukawa umefungwa.

"Utakwenda Temeke," aliniambia. "Lakini usiseme nimekutuma mie. Sema wewe mwenyewe una haja ya kujua miguu mingapi."

Nikaenda. Nilimkuta mzee mwembamba, kofia ya kiua, anapanga sabuni. Nikamwamkia, nikaanza maelezo yangu ya kompyuta na roketi. Hakuacha kupanga sabuni.

"Kakutuma dada."

"Hapana, Mjomba, ni mimi tu na kazi yangu."

"Sawa. Mitatu. Mwambie huyo ambaye hakukutuma kwamba ilikuwa mitatu, na chini ilikuwa na visahani." Akasogeza mche mmoja wa sabuni ukae sawa na wenzake. "Na goti lake?"

"La nani?"

"La huyo ambaye hakukutuma."

Niliporudi, nilitoa taarifa ya miguu, ya visahani, na ya goti. Kwenye miguu alitikisa kichwa kukubali. Kwenye goti alikunja uso. "Mwambie goti halimhusu." Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni alipoongeza, "Mwambie lina nafuu."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka tarishi. Madirisha yalikuwa mangapi? Matano, na la chini lilikuwa na ufa, na je, bado anakunywa chai bila sukari? Ngazi ilikuwa na vipandio vya mbao au vya chuma? Vya chuma. Haya, akaagiza dada yake, mwambie mkewe apake mafuta ya karafuu mgongo ule, asikae tu kulalamika. Kila swali la roketi lilikwenda na swali lisilo la roketi chini yake, na kila jibu likarudi na mzigo. Nadhani waliishiwa na sehemu za roketi kabla ya kuishiwa na maneno. Mara ya mwisho mama mwenye nyumba alinituma niulize kama roketi ilikuwa na kitasa. Nilijua, naye alijua kwamba nilijua, kuwa kitasa tulikwisha kukiweka.

Shida ilikuja kwenye rangi. Mama mwenye nyumba hakuwa na wasiwasi hata chembe: roketi ilikuwa nyekundu, nyekundu ya tende inayoanza kuiva. Nilimtajia Mjomba kama jambo lililokwisha. Akaweka chini mzani.

"Nyekundu? Kijani! Kijani kama chupa. Mie si niliitazama kila siku?"

Nilileta jibu hilo Kipawa nikiwa na hofu. Nikafanya kosa la kumwonyesha jinsi ilivyo rahisi kubadili. Nilibonyeza, roketi nyekundu ikawa kijani mbele ya macho yake. Alishika kifua.

"Kumbe rangi ni kubonyeza tu?"

"Ni kubonyeza tu, mama."

"Rudisha. Rudisha upesi kabla haijazoea."

Ujumbe wa rangi ulikwenda na kurudi mara nyingi, kila safari na maneno makali zaidi, nikaanza kuogopa kwamba mimi na kompyuta yangu tutavunja hata kile kidogo kilichokuwa kimeungwa. Mwishowe Mjomba alisema hatajibu tena chochote. "Mie sichori kwa mdomo. Nataka nione kwa macho." Nilipomfikishia dada yake, alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Ndege ikapita na hakuinua kidole, maana hakuwa ameanza kusema. Kisha akasema, "Mlango sikuufunga kwa ufunguo."

Ikapangwa Jumapili. Picha ilikuwa imekamilika kwa umbo, lakini kompyuta ilihitaji saa nyingi kuhesabu mwanga, kila kokoto la mwezi na kivuli chake, na mashine yangu haikuwa changa. Umeme ukikatika katikati, kazi yote inaanza upya. Mama mwenye nyumba alitoka uani asubuhi, akapiga makofi mpaka vyumba vyote vikafungua milango.

"Leo hakuna pasi. Hakuna drai ya nywele. Hakuna hita. Friji langu mwenyewe nimezima. Chombo kinatua."

Dada wa saluni alikuwa na mteja aliyeloa nywele. Alimketisha juani.

Mjomba alifika adhuhuri, kanzu nyeupe, kofia ya kiua. Dada yake alisimama barazani, chini ya ile taa inayowaka mchana. Hawakushikana mikono. Mjomba aliingiza mkono mfukoni, akatoa pia ya karatasi ya gazeti, imekunjwa vizuri, imejaa karanga. Akamnyooshea.

"Karanga nimerudisha," alisema. "Ukurasa sijui uliko."

Nilimwona mama mwenye nyumba akiinua kidole. Mdomo ulikuwa umefunguka, kidole kikawa hewani, na sote tukatega masikio, lakini anga lilikuwa kimya. Hapakuwa na ndege. Kidole kilikaa pale juu mpaka akakigeuza, akakitumia kufuta jicho, akasema, "Ingia. Jua kali."

Walikaa wote wawili ukingoni mwa kitanda changu, pia ya karanga katikati yao. Picha ilikuwa inajitokeza kidogo kidogo, vipande vya mraba, tangu juu kuja chini. Kwanza likaja anga jeusi. Kisha ncha. Kisha mabega.

"Mabega ndiyo," alisema Mjomba kwa sauti ya chini.

Likaja dirisha la chini lenye ufa. Mama mwenye nyumba alimsukuma kwa kiwiko. Ukaja mlango, na ngazi, na kile kipandio cha mwisho, kisha miguu mitatu yenye visahani imezama kidogo katika vumbi. Wakati ule hakuna aliyetafuna. Roketi ilikuwa imetua. Ilisimama pale juu ya mwezi, nzito, imepumzika, kivuli chake kirefu kimelala juu ya mawe, na mlango wake uko wazi.

"Nyekundu," alisema Mjomba hatimaye.

"Nyekundu," alisema dada yake.

Mjomba akashusha pumzi. Akachukua karanga moja, akaimenya ganda jembamba, akasema, "Imetua vizuri lakini."

Alikula pale mchana huo. Ilikuwa pilau, bila shaka ilikuwa pilau, na dada yake aliyeipika alisimama kando yake na kijiko mkononi. Mjomba alikula sahani ya kwanza. Akaongezwa ya pili. Sote uani tulijifanya tuna shughuli.

"Vipi?" aliuliza dada yake.

"Wali," alisema Mjomba, "una rangi nzuri."

Kicheko cha mama mwenye nyumba kilikuwa kitu ambacho, katika miaka yote, nilikuwa sijakisikia. Kilianza kama kikohozi na kikaishia kwenye meza, sahani zikaruka.

Picha nilimchapishia kubwa, kwenye turubai, akaitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Siku chache baadaye alikuja chumbani. Alikagua balbu, akakagua swichi, akakagua pazia.

"Fundi Picha. Kile kitufe cha kijani bado kipo?"

"Kipo, mama."

"Mchapishie moja."

"Ukubwa gani?"

"Kama yangu. Isiwe ndogo, akaja kunisema."

Kwa hiyo mpaka leo zipo mbili, nyekundu Kipawa na ya kijani Temeke, juu ya rafu za sabuni, na kila mmoja anapokwenda kwa mwenzake hukaa akiwa ameipa mgongo ile isiyo yake.

Nilihama nilipooa. Siku ya kuondoka, vitu vyangu vikiwa tayari kwenye kigari cha kirikuu, aliniita ndani, akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alitoa simu. Mjukuu wake wa Maskati, mtoto wa yule binti wa harusi, alikuwa ameitafuta hadithi ile mtandaoni siku nyingi, na akaipata, kitabu kizima kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Alinionyesha ukurasa wa kwanza. Papai lilikuwa lile lile. Mabega yalikuwa yale yale. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

"Unaona?" akasema.

"Naona, mama. Tumepatia."

"Tazama vizuri."

Nikatazama tena, ndipo nikaona. Kitabu hakikuwa na rangi. Kilikuwa cha nyeusi na nyeupe tangu jalada hadi mwisho, wino tu na karatasi. Wote wawili walikuwa wameitia rangi wenyewe, kila mmoja yake, nyuma ya kaunta ile ile.

"Mjomba anajua?"

"Ajue ili iweje? Kijani chake kimemfikisha umri huu."

Nikamuuliza kuhusu ukurasa wa kutua. Alisema upo, mjukuu ameutuma pamoja na nyingine, ni wa tatu kutoka mwisho. Nikamuuliza ukoje.

"Sikuufungua," alisema. Akaitia simu mfukoni mwa dira. "Mie ninao wangu ukutani. Haya, nenda, dereva asije akakuacha. Na ukifika huko kwenu, taa za chooni uzime."

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa Mbezi Luis, kwenye kituo kikuu cha mabasi, mwaka huu. Nilikwenda kutuma kifurushi Dodoma. Katika ukumbi wa abiria nikasikia sauti ikimwelekeza abiria aliyekosea mlango, "Si hapo, hapo ni chooni, utaona aibu," nikageuka. Alikuwa amekaa katikati ya vikapu, amekonda kidogo, fimbo pembeni. Mjomba alikuwa kando yake, kofia ile ile. Walikuwa wanakwenda Morogoro kwenye harusi ya mjukuu wa ndugu yao.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mmakonde umenenepa. Mkeo anakulisha nini, unga wa pipa?"

Nikauliza habari za nyumba, za goti, za dada wa saluni. Alijibu haraka haraka, kama mtu mwenye neno jingine linalongoja foleni. Kisha akafungua kikapu, akasogeza chupa ya chai, akatoa kishikwambi kilichofungwa kwa khanga. Mjukuu wa Maskati ndiye aliyekileta.

Alikiwasha mwenyewe. Alipitisha kidole, akafungua, akanipa.

Ilikuwa roketi, imechorwa kwa kidole. Mistari ilitetemeka, miguu haikulingana, mlango ulikuwa mkubwa kuliko madirisha yote matano yakijumlishwa. Ilikuwa imetua, lakini si mwezini. Ilikuwa imetua barabarani, mbele ya duka, na nyuma ya kaunta palikuwa na vichwa viwili vidogo vinachungulia. Nahodha alikuwa anashuka ngazi. Juu ya kichwa chake palikuwa na kiputo cha maneno, kwa mwandiko mwingine kabisa, uliolala: *Hapa ndipo Temeke? Tunaomba maji.*

"Maneno ni yangu," alisema Mjomba.

"Mpishi nimemweka ukurasa unaofuata," alisema dada yake. "Bado sijamaliza. Tuna kurasa kumi na moja."

Nilipitisha macho kwenye mchoro ule kwa mazoea ya kazi yangu. Mguu wa kushoto ulikuwa unaelea. Kivuli kilikwenda upande usio na jua. Ni mambo ya dakika mbili. "Mama," nikasema, "huu mguu naweza kukunyooshea, ni kugusa tu hapa na—"

"Usiguse."

Alikichukua kishikwambi mikononi mwangu, taratibu, bila hasira.

"Chako umekwisha kutengeneza, na Mungu akulipe. Hiki changu."

Kondakta alikuwa anaita abiria wa Morogoro. Nikawabebea vikapu hadi mlangoni mwa basi. Mjomba alipanda kwanza, akakaa dirishani. Akaambiwa asogee. Akasogea. Mama mwenye nyumba alikaa, akaweka fimbo, akafungua khanga tena kabla hata injini haijawaka.

Basi likaanza kurudi nyuma. Kupitia kioo nilimwona Mjomba akinyoosha kidole juu ya kishikwambi kuonyesha kitu fulani, na dada yake akaupiga mkono ule kofi dogo, akauondoa. Wakabishana, sikuwasikia. Kisha yeye mwenyewe akaushika mkono wa mdogo wake, akaurudisha, akakiweka kidole chake pale alipotaka aguse.